Motokaa Yenye Kiu

Msomaji wangu, ukitoka Malindi kwa njia ya kaskazini na kuvuka daraja la mto Sabaki, umeingia Magarini. Mgeni alisikiapo jina hili mara ya kwanza hudhani kuwa ni mahali penye wingi wa magari, na mimi nimepata kuulizwa kwa mzaha kama watoto wa kwetu huzaliwa na usukani mkononi. Jina hilo ni la kale kuliko motokaa. Lilikuwako katika karne ya kumi na tisa, wakati ambapo pwani yetu ilikuwa haijapata kuona motokaa. Hata leo magari ni machache katika vijiji vya ndani, na kwa kuwa ni machache, kila moja hubebeshwa kazi ya mengi. Mwenye motokaa kijijini si bwana wa motokaa yake. Huamshwa usiku kwa ajili ya mgonjwa. Huombwa alfajiri kwa ajili ya maiti. Husimamishwa njiani kwa ajili ya gunia la mahindi au mbuzi wa mahari. Akikataa hulaumiwa mwaka mzima, na akikubali hushukuriwa siku moja.

Motokaa yangu ni ya namna hiyo. Niliinunua mwaka 2015, nayo ilikuwa imekwisha kutumika katika nchi nyingine kabla ya kushushwa bandarini Mombasa. Mwaka huo nitaurudia, kwa sababu una deni ndani yake. Kwa sasa inatosha ujue kwamba mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kwamba somo langu ni sayansi, na kwamba nakaa upande wa Gongoni, mahali ambapo upepo wa bahari huleta harufu ya chumvi mpaka mlangoni.

Chumvi ni shughuli kubwa ya pwani yetu. Toka Gongoni na Ngomeni hata Marereni yako mashamba ambayo hayapandwi mbegu. Maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana yasiyo na kina, jua likayanywa siku baada ya siku, hata yakabaki mawe meupe ambayo watu huyakusanya kwa majembe. Kila mwaka nimekuwa nikiwapeleka wanafunzi wangu kuyatazama mabwawa hayo, nikiwaambia maneno matatu nao huyaitikia kwa sauti moja: "Mvuke hauchukui chumvi!" Maji huondoka, chumvi hubaki. Niliyafundisha maneno hayo kwa muda wa miaka mingi, msomaji, nami nilidhani nayajua.

Yafaa nikueleze kazi ya chombo ambacho ndicho asili ya habari hii. Injini ya motokaa ni jiko lililofungwa. Katika joto lote litokalo katika petroli, kadiri ya theluthi moja hutoka na moshi, na kadiri ya theluthi nyingine huingia katika chuma cha injini na katika maji yanayoizunguka. Kinachosalia, ambacho si kingi, ndicho kikupelekacho sokoni. Kama joto lile la chuma lisingeondolewa, injini ingejiunguza yenyewe katika muda wa dakika chache. Basi pampu huyasukuma maji ndani ya injini yakachukua joto, kisha huyapeleka mbele, kwenye rejeta. Humo hupita katika vibomba vyembamba vilivyoshikamana na mapezi membamba zaidi, upepo ukapenya katikati, na maji yakarudi yakiwa yamepoa ili kuanza safari upya.

Motokaa za kwanza hazikuwa na chombo hiki. Maji yake yalichemka na kupotea hewani, ikambidi dereva kuomba maji njiani kama msafiri wa jangwani. Aliyeleta badiliko kubwa ni Wilhelm Maybach, fundi wa Ujerumani, ambaye katika motokaa ya Mercedes iliyotokea mwanzoni mwa karne ya ishirini aliunganisha vibomba 8,070 vya pembe nne, kila kimoja kikiwa na upana wa milimita sita, hata chombo kikafanana na sega la nyuki. Kwa ajili ya sega hilo motokaa yenye nguvu nyingi iliweza kupozwa kwa lita tisa za maji tu. Rejeta za baba zetu zilikuwa za shaba, na zilipotoboka fundi alizitia lehemu zikarudi kazini. Za siku hizi aghalabu ni za alumini, zenye matangi ya plastiki juu na chini au ubavuni. Ni nyepesi na bei yake ni nafuu, lakini plastiki ikipata ufa haikubali lehemu.

Ufa ndio ulionipata mimi. Ulikuwa mdogo kama unywele, mahali tangi la plastiki linapokutana na alumini. Asubuhi niliona tone moja la maji mchangani, nikalipuuza. Tone likawa kikombe. Nikaanza kuongeza maji kila siku kabla ya kwenda shuleni: kwanza nusu lita, kisha lita moja, kisha mbili. Na maji yenyewe nilichota wapi? Kisimani.

Hapa sina budi kusimama kidogo, kwa maana maji ni neno zito kwetu. Serikali ya Kenya ilipoanzisha mradi wa kuwagawia watu mashamba huku Magarini kwa msaada wa Australia, katika miaka ya 1970, ardhi ilipatikana, miti ikaangushwa, njia zikachorwa. Maji matamu ndiyo yaliyoadimika. Visima virefu vilichimbwa, na vingi vilitoa maji ya chumvi. Huko Baricho, kando ya Sabaki, yako maji mema ambayo hupelekwa kwa mabomba mpaka Malindi, Kilifi na Mombasa, lakini bomba halipiti mbele ya kila mlango. Hivyo wengi wetu twafulia na kunyweshea mifugo kwa maji ambayo sabuni haitoi povu ndani yake. Sufuria ya chai ya nyumbani kwangu ina ukoko mweupe ambao mke wangu huukwangua kwa kisu. Niliuona ukoko ule kila asubuhi. Kisha nilitoka nje nikamimina maji yale yale katika motokaa.

Mwezi wa Machi 2022, mvua zikiwa zimetupita msimu baada ya msimu, jirani yangu alinigongea saa nane za usiku. Mkewe alikuwa na uchungu. Tulimlaza kiti cha nyuma, mama mkwe wake akamshika kichwa, tukashika njia ya Malindi. Tulipopita Mambrui niliona mshale wa joto ukipanda. Nilijifanya sikuuona. Naandika hivi ili usije ukadhani kwamba niliponzwa na giza au na haraka. Niliuona, na nikatumaini kwamba mto Sabaki haukuwa mbali, kana kwamba mto una huruma na injini. Haukupita muda mvuke ukafunika kioo, sauti ya injini ikageuka kuwa kama ya kokoto ndani ya debe, nikazima.

Pwani hii ya Ngomeni imepata kurusha vyombo kwenda angani. Tarehe 12 Desemba 1970 chombo kiitwacho Uhuru kilipaa kutoka kwenye jukwaa la Waitalia lililo baharini, kikaenda kuchungulia nyota kwa namna ambayo macho hayawezi. Nami, nikiwa karibu na mahali hapo, nilishindwa kufika Malindi.

Nilifungua boneti nikakimbilia kifuniko cha rejeta. Wakati huo huo lori la chumvi lilikuwa limesimama nyuma yetu, na utingo wake aliruka chini akanikamata mkono kwa nguvu hata akaniumiza. "Mzee, wataka kupofuka?" akaniuliza. Alikuwa na haki. Kifuniko kile hakikuwekwa kuzuia vumbi tu. Kina springi inayoyabana maji, na maji yaliyobanwa hayachemki kwa digrii 100, bali hungoja mpaka yapite 115 au zaidi. Ukikifungua kwa ghafula, mbano huondoka, na maji yale yanayongoja huchemka mara moja, yakarukia uso ulioinama juu yake. Utingo alinionyesha kovu la kifuani mwake na hakueleza zaidi.

Yule mama alipandishwa katika lori, katikati ya dereva na mama mkwe, na mumewe akapanda juu ya magunia ya chumvi. Mtoto alizaliwa salama hospitalini Malindi kabla ya jua kutoka. Baba yake alirudi kunishukuru kwa kumtoa nyumbani, wala hakutaja habari ya njiani. Ningependa angenitukana.

Fundi wa mjini niliyempigia simu alitaka motokaa ivutwe mpaka kwake, na ujira wa kuvuta ulikaribia bei ya rejeta yenyewe. Ndipo mke wangu aliponitajia mpwa wangu, nami nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumfikiria nikaogopa.

Sasa narudia mwaka 2015. Mpwa wangu alikuwa kidato cha pili, tena katika shule ya bweni. Baba yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Dada yangu alikuja kwangu mwezi wa Aprili, akakaa juu ya kibao cha jikoni, akasema mtoto amerudishwa kwa ajili ya karo. Nilikuwa na fedha benki. Nilimwambia asubiri muhula wa pili. Muhula wa pili ulipofika, motokaa ilikuwa uani kwangu, na mtoto alikuwa Mombasa akiosha vyuma kwa petroli katika gereji ya mtu. Katika ukoo wetu mjomba ni mlango wa pili wa nyumba. Lakini hakuna aliyenilaumu kwa maneno. Dada yangu mwenyewe alipanda motokaa ile mara nyingi, kwenda hospitalini na kwenda mazishini, na kila aliposhuka alisema ahsante.

Nilimpigia simu kijana. Hakuuliza ujira. Aliuliza ni gari la mwaka gani, la gia za mkono au la, na kama nililiendesha likiwa limechemka. Nilipomwambia kwamba nililizima, akasema, "Basi huenda kichwa cha injini hakijapinda." Rejeta mpya ilitoka Mombasa ikiwa imefungwa katika sanduku la karatasi, juu ya matatu, kwa shilingi 9,500. Kijana alifika Jumapili kwa pikipiki, kisanduku cha vyombo kikiwa kimefungwa nyuma.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

Motokaa ilikuwa imevutwa kwa ng'ombe mpaka chini ya mkanju. Nilimletea kigoda, nikamwambia mke wangu alete chai. Alitandaza gunia, akapanga spana kwa ukubwa wake, akachukua ya namba kumi na kunikabidhi. "Leo wewe utafungua," akasema, "mimi nitasema." Sikujua kama alikuwa akinitania au akinipima. Nilikunja mikono ya shati.

Jambo la kwanza aliloniagiza lilikuwa kugusa bomba kubwa la mpira lililo juu. Kama mkono waweza kutulia hapo, maji yamepoa. Kama hauwezi, ngoja. La pili, kuondoa waya wa hasi wa betri, kwa kuwa feni ya umeme yaweza kuamka yenyewe hata kama injini imezimwa, nayo haichagui kati ya hewa na vidole. La tatu, kuweka beseni chini na kulegeza kizibo cha kutolea maji. Nilitazamia maji. Ilitoka chai ya maziwa, yenye kutu na vipande vyeupe kama maganda ya yai.

Mabomba ya mpira yalikuwa yameshikana na shingo zake kwa uzee. Nilibana vibanio kwa koleo nikavisogeza nyuma, kisha nikavuta kwa nguvu zote. "Usivute, mjomba. Zungusha kwanza." Nilizungusha, bomba likaachia kwa sauti ndogo. Nikachomoa waya wa feni, nikafungua bolti nne za kizingio chake, nikakiinua kikatoka pamoja na feni. Zilisalia pingu mbili za juu. Nilipozifungua, rejeta ilikuwa huru. Niliishika kwa mikono miwili nikaiinua wima, kama mtu anayetoa mkate katika bati. Ilikuwa nzito kuliko ile mpya, ingawa hapakuwa na maji tena ndani yake.

Kijana aliilaza juu ya gunia. Alichukua bisibisi, akainua meno ya alumini yaliyolishika tangi la plastiki, akalibandua. Tukatazama ndani. Midomo ya vibomba ilipaswa kuwa safu ya tundu nyembamba, nyeusi, zilizo sawa. Upande wa chini, tundu moja katika kila tatu lilikuwa limezibwa kabisa kwa ukoko, na yaliyosalia yalikuwa na midomo iliyobana. Mahali pengine alumini ilikuwa imelika ikawa na vishimo kama uso wa mwenye tetekuwanga. Alikwangua ukoko ule, akautia katika kiganja changu.

"Mjomba, unakumbuka tulipokuwa darasa la sita ukatupeleka Gongoni?"

Nilikumbuka. Alikuwa mwanafunzi wangu kabla hajawa mpwa mwenye deni nami. Alinitazama, akasema kwa sauti ya watoto wa darasani, taratibu, bila kucheka: "Mvuke hauchukui chumvi."

Msomaji, fikiri mwenyewe hesabu yake. Kila asubuhi nilitia maji yenye chumvi na chokaa. Safarini yalipochemka, mvuke ulitoka peke yake. Kesho yake nikatia mengine. Kwa muda wa miaka miwili nilikuwa nimelima shamba la chumvi chini ya boneti. Laiti ningalitia maji mema mara moja na kuziba ufa, vibomba vingalibaki wazi. Lakini kila debe lilikuja na mzigo wake, likauacha humo.

Kuvaa rejeta mpya kulikuwa kwepesi kuliko kuvua ya zamani. Kijana alizisimamisha mbili kando kwa kando, akapima shingo na matundu ya bolti, kwa kuwa sanduku huweza kusema hili na ndani kukawa na lile. Nilipokuwa tayari kuitumbukiza, aliniuliza, "Mipira ya chini iko wapi?" Rejeta haikai juu ya chuma kitupu, ina vigingi viwili chini ambavyo huingia katika vipande vya mpira, ili mtikisiko wa njia usivunje plastiki. Kimoja kilikuwa mahali pake. Cha pili kilikuwa kimeng'ang'ania rejeta kuukuu, kikadondoka nilipoiinua. Tulikitafuta mchangani kwa muda mrefu, watoto wote wa nyumba wakipiga magoti, mpaka mwanangu mdogo alipokitoa chini ya kuku aliyejilalia kivulini. Kama kijana asingeuliza, ningefunga bila hicho, na motokaa ingekwenda vizuri mpaka mashimo ya njia ya Marafa.

Kisha akatoa chupa ya kulanti, yaani dawa ya kijani ya kuchanganya na maji ya rejeta. Zamani nilidhani dawa hiyo ni ya nchi zenye barafu. Kweli huzuia maji kuganda, lakini pia huongeza kiwango cha kuchemka na kuzuia alumini isilike, nayo ndiyo haja yetu sisi wa pwani. Tuliichanganya nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa, ambayo hayana kitu ndani yake, yakiuzwa kwa chupa katika vituo vya petroli. Matone yaliyomwagika katika kibakuli yaliita mbuzi mara moja. Kijana alimfukuza, akamwaga mchanga juu yake na kuuzoa wote katika mfuko. Maji yale yana utamu, na ni sumu ya kuua figo. Mbuzi, mbwa au mtoto hawezi kutofautisha. Alinitaka nimwite kila mtoto wa nyumba nimwambie kwa jina lake.

Tulimimina polepole, kifuniko kikiwa wazi, injini ikaunguruma. Mwanzoni kiini cha maji kilitulia. Yakaanza mapovu, moja moja, kama ya samaki. Hiyo ilikuwa hewa iliyofichwa ndani ya injini. Baada ya dakika kumi hivi bomba la chini, lililokuwa baridi, likapata joto ghafula, na maji yakashuka kwa pumzi moja: mlango mdogo wa thamostati ulikuwa umefunguka. Tukaongeza. Mapovu yalipokoma akafunga kifuniko, akajaza chupa ya akiba mpaka alama, akanituma Mambrui na kurudi. Mshale ulipanda mpaka katikati ukakaa hapo kama uliopigiliwa msumari. Tulingoja mpaka jioni injini ilipopoa, tukatazama tena; palipungua kikombe kimoja tu, akaniamuru nikiandike katika daftari pamoja na tarehe.

Nilikuwa nimetia fedha katika bahasha. Alikuwa akifunga rejeta kuukuu juu ya pikipiki, ili auze alumini yake kwa wanunua vyuma. Hakuipokea.

"Ya kazi sichukui kwako, mjomba. Lakini mdogo wangu yuko kidato cha pili. Mama hatakuambia, kwa hiyo nakuambia mimi. Wamemrudisha juzi."

Daftari lilikuwa bado mkononi mwangu. Nilimwuliza ni kiasi gani, akanitajia, nami nikakiandika chini ya kile kikombe cha maji. Kesho yake, kabla ya kengele ya shule, niliwasha motokaa nikaenda kumchukua dada yangu na binti yake.